Mali Bila Daftari: Kuwatetea Mama na Dada Wanaoandika



Kila mwenye duka anaijua methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji asiyeandika ni nani alichukua sabuni kwa deni na ni nani alilipa nusu, atafika mwisho wa mwezi rafu zikiwa tupu na sanduku la pesa likiwa tupu, naye hatajua mali ilitokea mlango gani. Kwa hiyo twamsifu mwenye duka anayeandika. Hatusemi kwamba ana kiburi, wala kwamba anaanika siri za biashara yake. Twasema ana akili.

Lakini binti wa parokia akinunua daftari lile lile, akaketi na wenzake baada ya Misa ya Dominika, akaandika humo si deni la sabuni bali mambo ya maisha yake, mara tunasikia maneno mengine. Anajiona. Anaanika mambo ya nyumba yao. Ameiga Wazungu. Kwa nini asiende kuungama? Maneno hayo hayasemwi na watu wabaya. Yanasemwa na wakubwa tunaowaheshimu, na viongozi wa vikundi vya vijana, na mara nyingine na wasichana wenyewe. Ndiyo sababu yanapasa kujibiwa, tena waziwazi. Sisi tunashikilia kwamba kikundi cha wanawake wanaoandika na kusikilizana ni kazi ya Kikristo kamili, na kwamba wapo watu wa aina mbili wanaokiharibu: wale wanaotaka daftari lifungwe, na wale wanaotaka daftari lichukuliwe. Hao wa pili tumezoea kuwapigia makofi. Tutawafikia.

Kwanza tueleze tunatetea jambo gani, maana wengi hulipinga bila kuliona. Wanawake wanane au kumi, mama na wasichana, wanakutana kwa saa moja katika chumba chenye mlango unaofungwa. Anayeongoza anatoa neno moja la kuanzia: jina langu na aliyenipa, mikono ya mama yangu, siku niliyojifunza kunyamaza. Wote wanaandika kwa dakika ishirini, kila mmoja katika daftari lake, kwa lugha anayoitaka. Kisha anayependa anasoma, na asiyependa hasomi, wala haulizwi sababu. Wanaosikiliza hawatoi shauri, hawahukumu, hawasahihishi. Wanasema asante. Asiyejua kuandika anamchagua mwenzake mmoja amwandikie. Wanamaliza kwa sala na kila mmoja anaondoka na daftari lake. Hakuna zaidi ya hapo. Hakuna bango, hakuna picha, hakuna ripoti.

Sasa tujibu.

Neno la kwanza ni la haya. Husemwa kwamba mwanamke mwema hufunika mambo ya nyumba, na kwamba kuandika ni kufunua. Hatupingi haya, ni fadhila, na ulimwengu wa leo unaihitaji kuliko jana. Lakini kuna haya ya kweli na haya ya uongo. Haya ya kweli humlinda mtu. Haya ya uongo humlinda yule aliyemkosea mtu. Msichana anayekataa kusimulia uchungu wake mbele ya umati ana haya ya kweli, na hakuna anayepaswa kumlazimisha. Lakini msichana anayeambiwa asiutaje uchungu huo hata kwa nafsi yake, hata kwa Mungu, hata kwa mama mmoja mwaminifu, ili jina la ukoo lisichafuke, huyo hafundishwi haya. Anafanywa kuwa mlinzi wa kosa la mtu mwingine, kwa gharama yake mwenyewe. Wahenga hawakuwa wajinga waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena daftari si kipaza sauti. Linalosemwa sokoni halirudi, lakini lililoandikwa na kufunikwa liko chini ya mkono wa mwenyewe. Anaweza kulisoma kesho, kulifuta au kulichoma. Wanaoogopa kwamba mwanamke anayeandika atatangaza mambo ya nyumba wangepaswa kuogopa zaidi mwanamke asiye na mahali popote pa kuyaweka.

Neno la pili ni la unyenyekevu. Linasema: Injili inatuamuru tujikane, ninyi mnawafundisha wasichana wajitafute. Neno hili ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa linatumia jina la Bwana. Lakini tazameni alivyotenda Bwana mwenyewe. Katika sura ya tano ya Injili ya Marko, Yairo amekuja kumwita, kwa kuwa binti yake yu karibu kufa, umati unasonga, hakuna dakika ya kupoteza. Njiani mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12 anagusa vazi lake na kupona. Anataka kuondoka kimyakimya. Yesu anasimama. Wanafunzi wanamshangaa, lakini yeye anangoja mpaka mwanamke yule atoke mbele na kusema ukweli wake wote. Kisha anamwita binti. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kupona kabla ya maneno hayo. Kama kupona mwili kungetosha, Yesu angeendelea na safari. Alisimama kwa sababu mwanamke yule alikuwa bado na jambo la kusema, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho.

Kujikana ni kutoa. Na hakuna awezaye kutoa asichokuwa nacho. Mtu asiyejijua hajikani. Anapotea tu, na wengine wanaita upotevu huo utii kwa sababu unawafaa. Chukueni mfano wa binti anayeambiwa tangu utoto kwamba ana moyo mgumu, kwa kuwa hakulia siku ya msiba wa baba yake. Amelibeba neno hilo kwa miaka kumi. Ameungama ugumu wa moyo kila Kwaresima. Siku moja anaiandika siku ile saa kwa saa, na katika kuandika anakumbuka kwamba ni yeye aliyeteka maji ya wageni, ni yeye aliyewalaza wadogo zake, ni yeye aliyemshika mama yake asianguke. Hakulia kwa sababu hakuna aliyemwachia nafasi ya kulia. Je, binti huyo amefanya kiburi? Ameona ukweli. Mungu aliujua ukweli huo miaka yote kumi. Ni yeye aliyekuwa hajaujua. Sasa anaweza kumsamehe aliyemsema vibaya, maana ameelewa ni jambo gani la kusamehe.

Neno la tatu ni la kitubio. Kwa nini kuandika, ikiwa padri yupo? Tunakiheshimu kitubio kuliko tunavyoliheshimu daftari, na ndiyo maana hatutaki kukitumia vibaya. Katika kiti cha maungamo mtu huleta dhambi zake. Haleti dhambi alizotendewa kana kwamba ni zake. Lakini ni mara ngapi, katika nchi hii yetu, msichana aliyetendewa ubaya hupiga magoti na kuomba msamaha kwa ubaya huo? Ameuchanganya uchungu na hatia, kwa kuwa yote mawili humwinamisha kichwa. Padri mwenye hekima atamwambia kwamba hapo hana dhambi. Lakini ili aweze kuambiwa hivyo, ni lazima kwanza apate maneno ya kulieleza jambo lenyewe, na dakika tano za foleni ya Jumamosi jioni hazimtoshi kuyatafuta. Daftari linamsaidia kutenganisha kurasa mbili: hili nimelitenda, hili nimetendewa. Ukurasa wa kwanza ataupeleka kwenye maungamo, nao utakuwa mwepesi na wa kweli zaidi. Ukurasa wa pili unahitaji faraja, haki, na mara nyingine daktari. Anayesema daftari linashindana na kitubio hajaona jinsi linavyokitayarishia njia.

Neno la nne husemwa kwa kebehi: hayo ni mambo ya Ulaya. Jibu lake ni la kihistoria, na kila kijana Mkatoliki wa Afrika angepaswa kulijua kwa moyo. Mojawapo ya maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia yaliandikwa Afrika. Mwaka 203, huko Karthago, katika Tunisia ya leo, Perpetua, mama kijana wa miaka ipatayo 22 aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wake, alitiwa gerezani kwa ajili ya imani. Pamoja naye alikuwamo Felisita, mtumwa mwenye mimba. Perpetua aliandika mle gerezani. Aliandika giza lililomtisha, joto la msongamano, wasiwasi wake juu ya mtoto, baba yake mzee aliyekuja kumsihi aikane imani, na ndoto alizoziota. Hakuandika mahubiri. Aliandika mambo yake, naye katika kuyaandika akazidi kujua yeye ni nani na kwa nini hawezi kurudi nyuma. Wengi wenu mna dada au shangazi aitwaye Perpétue au Félicité. Majina hayo mawili husomwa katika Sala ya kwanza ya Ekaristi. Basi tusiambiwe kwamba mwanamke wa Afrika anayeandika amewaiga Wazungu.

Na kama mnataka kuona Kanisa linawahesabu vipi wanawake walioandika, hesabuni. Wanawake wanne wametangazwa kuwa Walimu wa Kanisa. Theresia wa Avila na Katarina wa Siena walitangazwa na Paulo VI mwaka 1970. Theresia wa Mtoto Yesu alitangazwa na Yohane Paulo II mwaka 1997, na Hildegarda wa Bingen na Benedikto XVI mwaka 2012. Hakuna hata mmoja wao aliyefika hapo kwa kunyamaza. Katarina hakusoma shule. Barua zake nyingi alizisema kwa mdomo, wengine wakaziandika. Basi hata yule mama wa kwenu anayesema, «mimi sikusoma», amekwisha kupata msimamizi mbinguni.

Lakini kwa nini kikundi? Kwa nini dada huyo asiandike peke yake kitandani, taa ikiwaka? Anaweza, na wengine hufanya hivyo. Ila ukweli mwingine hauthubutu kutoka mpaka umeona uso wa mtu mwema. Bikira Maria alipopewa habari na malaika alikwenda kwa haraka milimani, mpaka nyumbani mwa Elisabeti. Luka anatuonyesha kwamba wimbo wake mkuu haukutoka Nazareti. Ulitoka baada ya mwanamke mwingine, mkubwa kwake, kumpokea mlangoni na kumwamini bila kumhoji. Luka hamtaji Yosefu hapo. Zakaria alikuwa bubu. Wanawake wawili, nyumba moja, neno likapata nafasi.

Vivyo hivyo huko Lisieux, Ufaransa. Kitabu cha Theresia wa Mtoto Yesu hakikuanza na kalamu. Kilianza wakati wa baridi ya mwisho wa mwaka 1894, dada kwa dada, wakizungumza saa ya mapumziko katika monasteri ya Karmeli. Theresia alikuwa akisimulia mambo ya utoto wao, na dada yake Maria akamwambia dada yao mwingine, Mama Agnes, aliyekuwa mkuu wa monasteri, kwamba simulizi hizo ziandikwe. Theresia akaandika mwaka 1895 katika daftari la shule, usiku, baada ya kazi. Mwaka 1897 alifariki akiwa na miaka 24. Asingekuwa na wanawake waliopenda kumsikiliza, pengine Kanisa lisingekuwa na Mwalimu huyo.

Sasa twawageukia watu wa aina ya pili.

Katika nchi yetu, na hasa huku mashariki, si kweli kwamba maisha ya wanawake hayaandikwi. Yanaandikwa sana. Yanaandikwa na watu wengine. Anakuja mtu mwenye fomu na kalamu; anauliza jina, umri, kijiji, walikuwa wangapi, walifanya nini, mara ngapi. Anajaza visanduku. Anapiga picha ya mikono au ya kanga iliyofunika uso. Anaondoka. Wiki ijayo anakuja mwingine na fomu nyingine, na mama yule yule anasimulia tena, kwa kuwa amesikia kwamba asiyesimulia hapati blanketi. Baada ya muda anajifunza kusimulia kama wanavyotaka, kwa mpangilio wanaoutaka, akiacha yasiyo na kisanduku. Mahindi aliyoyapanda mwaka ule hayana kisanduku. Kicheko cha binti yake hakina kisanduku. Mwishowe maisha yake yote yamekuwa siku moja, ile siku mbaya, na siku hiyo si yake tena. Imo katika ripoti iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Hatusemi kwamba ushahidi si wa lazima. Mahakama zinauhitaji, hospitali zinauhitaji, na dunia isiyotaka kusikia inapaswa kusikilizishwa. Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, Papa Fransisko aliketi na kuwasikiliza watu walioumizwa katika vita vya mashariki, nao wakaweka chini ya msalaba vitu vilivyofanana na vile vilivyotumiwa kuwaumiza. Lile lilikuwa tendo kubwa. Lakini lilikuwa kubwa kwa sababu aliyesikiliza hakuja kuchukua kitu. Ushahidi unaotolewa kwa hiari mbele ya anayesikiliza ni zawadi. Ushahidi unaonunuliwa kwa blanketi ni wizi, hata kama mwizi ana nia njema.

Hatari iliyo mbele ya parokia zetu ni kwamba kikundi cha kuandika kigeuzwe kuwa mlango mpya wa wizi huo. Mtu atasema: dada hawa wanaandika mambo ya kugusa sana, tuyachape; tuyasome siku ya sikukuu ya parokia; tuyapeleke kwa wafadhili wapate kujenga ukumbi. Atakuwa mtu mwenye bidii, labda rais wa kikundi cha vijana, labda mmoja wetu. Nasi twasema hapana. Anayelifunga daftari na anayelichukua wamefanya kosa moja: wote wawili wamelitoa mkononi mwa mwenyewe. Wa kwanza humwambia mwanamke, «Maisha yako si ya kuandikwa». Wa pili humwambia, «Maisha yako ni ya kuandikwa, ila kwa ajili yangu».

Hata upendo unaweza kuteleza hapo. Theresia wa Mtoto Yesu alipokufa, Mama Agnes alitayarisha maandishi yake yapigwe chapa, nayo yakatoka mwaka 1898. Theresia mwenyewe alikuwa amempa ruhusa ya kusahihisha. Mama Agnes akasahihisha: alibadili maneno maelfu, akapunguza, akanyoosha, ili mdogo wake aonekane kama mtakatifu anavyopaswa kuonekana. Dunia ikampenda Theresia aliyenyooshwa. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1956 ndipo madaftari yake yakachapwa jinsi alivyoyaandika kwa mkono wake, na wasomaji wakamkuta mwanamke mwenye nguvu, mzaha na giza zaidi ya yule waliyemzoea. Miaka karibu 60! Ikiwa dada aliyempenda dada yake aliweza kumfunika hivyo kwa kalamu ya kusahihisha, sisi tusiokuwa hata ndugu zake tujihadhari mara kumi. Afadhali yule Mkristo wa kale aliyelitunza andiko la Perpetua: alisimulia kifo chake, lakini sehemu aliyoiandika yeye aliiacha kama alivyoiacha mwenyewe, akatuambia kwamba hayo ni maneno yake.

Kwa hiyo kikundi kinahitaji sheria, nazo si nyingi. Daftari ni la aliyeliandika, na hakuna mtu, si paroko, si mume, si mzazi, si kiongozi, mwenye haki ya kulidai. Hii si sheria tuliyoitunga sisi: kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inakataza kuharibu jina jema la mtu na kuvunja haki yake ya kulinda mambo yake ya ndani. Kusoma ni kwa hiari. Lililosikiwa chumbani halitoki chumbani. Simu zinawekwa kapuni kabla ya kuanza. Makosa ya lugha hayasahihishwi. Mtu aandike Kiswahili cha nyumbani, Mashi, Kinande, Kirega au Kifaransa, au avichanganye vyote katika sentensi moja kama tunavyozungumza kweli. Jina la mtu mwingine likiweza kumletea hatari, liachwe au libadilishwe. Asiye na mahali salama pa kuliweka daftari nyumbani aliache katika kabati lenye kufuli, na ufunguo ashike mama waliyemchagua wote.

Kuna sheria moja nzito kuliko zote: kikundi kijue mpaka wake. Mwaka 1986, huko Marekani, watafiti James Pennebaker na Sandra Beall walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine waliandika juu ya mambo mepesi, wengine juu ya jambo lililowaumiza sana maishani, dakika 15 kila siku kwa siku nne. Walioandika habari za uchungu pamoja na walivyojisikia, mara baada ya kuandika walihuzunika zaidi, si pungufu. Ila katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Jaribio moja halithibitishi kila kitu, lakini linatufundisha mambo mawili. Kuandika kunaweza kusaidia. Na kuandika huumiza kabla ya kusaidia. Basi asiachwe mtu aende nyumbani peke yake akiwa amefungua kidonda. Na jambo likizidi nguvu za kikundi, kwa mfano mtu asiyelala usingizi, mtu anayetaja kujiua, au mtu aliyebakwa, aulizwe na kusindikizwa kwa waliosomea kazi hiyo, kama wale wa hospitali ya Panzi, Bukavu, inayohudumia wanawake tangu 1999. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, usiri haumfungi mtu mdomo. Mama anayeongoza atafute msaada siku hiyo hiyo. Kusikiliza si tiba ya kila kitu, na anayedai hivyo asipewe ufunguo wa chumba.

Ninyi wavulana mnauliza mna kazi gani katika hayo yote. Mnayo. Msichungulie dirishani. Msifanye mzaha dada zenu wanapopita na madaftari yao. Panga viti kabla hawajafika, chota maji, wachunge watoto wadogo kwa saa ile moja ili mama zao waandike kwa amani. Na mkiona wivu, anzeni kikundi chenu, maana ninyi nanyi mmefundishwa kunyamaza, na kimya chenu mara nyingi hutoka kwa ngumi na kwa chupa. Mnakumbuka Papa Fransisko alivyowafundisha vijana katika uwanja wa Martyrs, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, akiwahesabia vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu wa kweli, msamaha, huduma. Wengi wetu twapenda kuruka kutoka kidole cha kwanza hadi cha nne. Twasali, kisha twadai watu wasameheane. Katikati mna jumuiya na ukweli, wala msamaha hauwezi kuruka juu yake. Kikundi cha madaftari ni vidole hivyo viwili vya katikati.

Viongozi wa Kiro, wa Xaveri, wa Lejio ya Maria na wa kwaya, ombi letu kwenu ni dogo. Kanuni ya 215 inawapa waamini uhuru wa kuunda vyama vya mapendo na vya uchaji. Lakini msifanye kwa kujificha, kama watu wanaotenda kosa. Mwendeeni paroko, mwelezeni, mwombeni baraka, chumba kimoja na saa moja kila wiki. Asiahidiwe kuonyeshwa yanayoandikwa. Aahidiwe kwamba sheria zitashikwa, na kwamba mama wawili wenye kuaminika watakuwapo kila mara. Madaftari yanunuliwe kwa mchango wa kikundi, si na mfadhili. Bei yake haizidi uwezo wetu, na anayenunua daftari huwa na hamu ya kujua limeandikwa nini.

Sisi nasi, wa ukurasa huu, tunajifunga kwa neno letu. Hatutaomba kurasa za dada zenu ili tuzichape hapa. Siku mmoja wao akipenda mwenyewe kututumia maneno yake, tutayapokea kwa heshima na kuyachapa kama alivyoyaandika. Asipopenda, hatutauliza. Hatuna haja ya kuyasoma ili tuamini kwamba ni ya thamani. Yupo Mmoja anayeyasoma, naye alisimama njiani, umati ukimngoja, ili mwanamke mmoja amalize kusema.